Aliyetuita Tuvuke Maji ya Kano

Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalize, maana nikishaanza sitasimama kumbembeleza mtu aniamini. Walionihoji ofisini walicheka pia. Mmoja aliziba mdomo kwa kiganja akidhani simwoni, labda kwa sababu jicho langu la kushoto lilikuwa limefungwa bandeji. Jicho hilo halioni mpaka leo. Na hapa shingoni, nikifungua kola, kuna alama ambazo mke wangu huzipaka mafuta baridi ikiingia. Mambo haya yalinipata mimi mwenyewe, kwenye reli ya kwenda Kisumu, nikiwa na akili zangu timamu na sijaonja tone la kitu chochote.

Mimi ni mtu wa Katito, pale barabara ya Kisii inapoachana na ile ya Kendu Bay. Siku hizi nina kinu cha kusaga mahindi sokoni, na ukipita utanikuta nimejaa unga mpaka kwenye kope. Lakini kabla ya hapo nilikuwa mtu wa reli. Nilikuwa msaidizi wa dereva kwenye treni za mizigo zinazoshuka kutoka Nakuru. Dereva wangu alikuwa Mzee Barasa, mtu wa Port Victoria, mnene, mpole, mtu wa kuimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini kila njia ilipokuwa mbaya. Tulikaa pamoja kwenye injini miaka mingi mpaka watu wa stesheni wakatuita mke na mume. Hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita Jakatito, yaani mtu wa Katito, na kwa vile yeye si Mjaluo alilitamka vibaya makusudi ili nicheke. Tulikula sahani moja. Binti yangu wa kwanza nilimpa jina la mama yake Mzee Barasa. Nakwambia haya ili ujue tuliyofanyiana jioni ile hatukuyafanya kwa sababu ya chuki.

Mwaka ule mvua ilipita kiasi. Kama umewahi kuishi Kano, ile tambarare iliyo kabla ya Kisumu, unajua jinsi mambo yanavyokwenda: mvua inanyesha juu kwenye milima ya Nandi, halafu inashuka kuja kulala Kano. Mto Nyando ukajaa, ukavunja kingo zake, na mashamba ya mpunga na miwa yakawa ziwa. Nyumba zikabaki mapaa tu. Watu walihamia kwenye shule na makanisa yaliyo mahali pa juu kidogo, na waliokosa nafasi huko walifunga ng'ombe wao kando ya tuta la reli, kwa sababu tuta ndilo lililokuwa kavu.

Sasa nikueleze jambo moja kuhusu reli na maji, maana bila hilo hutanielewa. Watu wengi hudhani hatari ni maji kuwa marefu. Ni kweli maji yakipanda sana yanaingia kwenye mota za umeme zilizo chini ya injini, na injini inakufa hapo hapo. Lakini siyo hiyo inayoua. Reli imelala juu ya mataruma, yale magogo yanayoibeba, mataruma yamelala juu ya kokoto, na kokoto zimelala juu ya udongo. Maji yanayokwenda kasi hayashughuliki na reli. Yanakula udongo. Yanachota kokoto moja moja, halafu kwa mafungu, mpaka chini panakuwa patupu na reli inabaki imening'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Ukiitazama imenyooka vizuri kabisa. Mtu anaweza hata kutembea juu yake asijue kitu, kwa sababu mtu ni mwepesi. Injini je?

Siku hiyo tulishuka kutoka Muhoroni alasiri, nyuma yetu mabehewa yamejaa ngano. Sitataja mahali hasa tulipofika, kwa sababu kuna watu wanaishi pale na wanataka kulala. Nitasema tu kwamba ilikuwa tambarare, miwa kulia, maji kila upande, na jua lilikuwa linakaribia kuzama nyuma ya wingu zito. Mbele yetu reli mbili zilikwenda sambamba, zikaingia majini, zikapotea.

Mzee Barasa alisimamisha treni. Akachukua redio na kuwauliza waliokuwa Kisumu kama wanajua laini imefunikwa. Aliyejibu alisema sehemu ile imekaguliwa na kupitishwa, treni nyingine zimeshavuka, na sisi tuvuke polepole maana nyuma kuna wengine wanangoja. Mzee akasema haoni reli. Yule mtu akasema kwamba kama tunaogopa kulowa tungetafuta kazi ya kuchunga mbuzi. Mzee alirudisha redio mahali pake, akanitazama, akaanza kuimba kwa chini. Nikajua hajapenda.

Kanuni ni kwamba mtu atangulie kwa miguu. Nikashuka, nikang'oa mti mrefu kwenye ua wa mtu, nikaingia majini nikichomachoma chini mbele yangu. Maji yalikuwa ya magotini, rangi ya chai ya maziwa, na yalivuta kutoka kulia kwenda kushoto kwa nguvu za kumwangusha mtu mzima. Nilichoma, nikagonga kokoto. Nikasogea, nikachoma tena, kokoto. Nilipoinua macho nikamwona.

Alikuwa anakuja kutoka ng'ambo, katikati ya reli. Alivaa koti la mvua la njano, lile refu linalopita magoti, na kofia yake ilifunika uso mpaka kidevuni. Begani alibeba spana ndefu ya kukazia boliti za reli, na mkononi alishika taa. Mimi nilikuwa nimeushika ule mti kwa mikono miwili nisichukuliwe na maji. Yeye alitembea kama mtu anayetoka kanisani. Maji yalimpita miguuni na hayakuvunjika, hayakutoa hata povu. Niliona hilo, sikudanganyi. Lakini mwanga ulikuwa umeanza kupungua, na mtu akiwa na hofu hufurahi kumwona mwenzake, hatafuti kasoro.

Nikamsalimia kwa Kijaluo, nikampa mkono kama ilivyo desturi. Mkono wake ulikuwa wa baridi, lakini mvua ilikuwa inanyesha, na wa kwangu ulikuwa na joto gani? Kilichonishtua ni ngozi. Ilisogea. Nilipoubana mkono wake, ngozi ya kiganja ilitembea juu ya mifupa kama soksi iliyolegea. Na alinuka tope, lile la chini kabisa ya kisima.

"Mimi Okelo, wa genge ya hapa," akasema. "Laini iko sawa. Nimetembea yote. Njooni nyuma yangu."

Watu wa genge ni wale wanaotembea kwenye reli kila siku wakikaza boliti na kujaza kokoto. Nikamuuliza habari za kalvati iliyo mbele, ile njia ya maji inayopita chini ya tuta. Akasema imesimama. Nikamuuliza wenzake wako wapi. Akasema wenzake walirudi nyumbani wakamwacha. Kila alipofungua mdomo maji yalimwagika chini ya kofia yake, nami nikadhani ni mvua.

Niliporudi kwenye injini nilimweleza Mzee Barasa kila kitu, hata habari ya mkono. Alimtazama yule mtu kupitia kioo kwa muda mrefu.  Aliniambia kwamba mtu wa genge akisema laini iko sawa, dereva hana la kubisha, kwa sababu mtu wa genge ndiye anayelala na ile laini. Ndivyo sisi watu wa reli tulivyoishi. Asubuhi nakabidhi uhai wangu kwa mtu nisiyemjua aliyekaza boliti jana, na jioni nafika nyumbani nakula. Akaachia breki. Tukaingia.

Treni iliingia majini kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Yule mtu alitangulia, anatikisa taa yake polepole, kushoto, kulia. Mimi nilisimama dirishani nikitazama maji yakipanda kwenye magurudumu. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Upande wa kushoto, ng'ambo ya maji, kulikuwa na shule mahali pa juu, na uwanja wake ulijaa watu waliohama. Wote walikuwa wanagonga vitu. Sufuria, mabati, madebe, vifuniko, kila mtu na chake.

Mzee Barasa akacheka kidogo. Akasema watu wako wanafukuza nyawawa. Kama hujui, nyawawa ni pepo wanaosemekana kutoka ziwani jioni na kupita na upepo, na watu wa pande zetu huwagongea sufuria ili wasiingie nyumbani mwao. Nikacheka naye. Mzee akapiga honi kuwajibu, nao wakagonga kwa nguvu zaidi. Hatukujua kwamba sufuria zile zilikuwa zinagongewa sisi.

Kisha nikamwona mwanamke. Alikuwa anakimbia juu ya tuta, mbele kabisa, mahali ambapo reli ilitoka tena majini. Alikuwa peku, amevua leso yake na anaipunga juu ya kichwa. Nilifungua mdomo nimwambie Mzee. Sikuwahi.

Mtu wa koti la njano alisimama. Akatugeukia, akafungua mikono yote miwili kama baba anayempokea mtoto, na kofia yake ikaanguka nyuma. Nisikufiche. Hakuwa na midomo. Samaki huanza na midomo na kope. Yeyote aliyewahi kuopoa mtu ziwani atakuambia hivyo. Meno yote yalikuwa wazi, na macho yalikuwa wazi, na alikuwa ananitazama mimi niliyempa mkono.

Mzee Barasa alivuta breki yote. Lakini nyuma yetu kulikuwa na mzigo mzito wa ngano, reli zimelowa, na treni ikishaamua kwenda haigeuki kwa sababu umejuta. Ilisukumwa mbele kidogo tu. Tulimpitia. Sikusikia kugonga chochote. Nilichosikia ni chuma kikilia chini yetu, mlio mrefu, halafu miguu yangu ikaona hakuna kitu chini ya sakafu. Ile kalvati ilikuwa imeshaliwa na maji. Reli ilikuwa imening'inia hewani.

Injini ilichungulia chini, ikainama upande wa kushoto, taratibu kama ng'ombe anayetaka kulala, halafu ikaenda yote kwa mara moja. Mabehewa yakaja nyuma, moja likapanda juu ya jingine. Mengine yalibingirika mpaka pale ng'ombe walipofungwa kando ya tuta, na kilio cha ng'ombe wale sitakieleza. Vioo vilipasuka. Nilirushwa nikagonga ukuta, na ukuta sasa ulikuwa ndio sakafu. Maji yakaanza kumiminika ndani kupitia madirisha yaliyokuwa chini yetu. Taa moja ndogo ilikuwa bado inawaka. Kwa mwanga wake, mbele yangu, ndani ya chumba kile kidogo, niliona koti la njano.

Alinirukia kabla sijasimama. Mikono yote miwili ikanikaba hapa, hapa zilipo alama. Alikuwa mzito kuliko nilivyotegemea. Nilimpiga kwa magoti, nikampiga kwa viwiko, nikakikamata kidole chake kwa meno nikang'ata mpaka nikasikia mfupa. Akaachia. Akainua chuma, akanipiga nacho usoni, na upande wa kushoto wa dunia ukazimika. Unajua damu ya mtu mwenyewe ikimwingia mdomoni inamfanya nini? Inamwondolea dini. Nilimkamata shingo, nikamsukuma chini ya maji kwa uzito wangu wote, nikamkalia. Sijawahi kutaka kuua mtu maishani mwangu. Jioni ile nilitaka, na nilikuwa naelekea kufanikiwa, maana chini ya mikono yangu miguu yake ilikuwa imeanza kulegea.

Ndipo niliposikia sauti yake.

"Mlinituma nipime maji," ikasema. "Sasa pimeni na nyinyi."

Ilitoka nyuma yangu. Iliniingia sikioni, na baridi ya pumzi yake nikaisikia. Nikaganda. Kama yeye yuko nyuma yangu, na mdomo wake uko sikioni mwangu, basi shingo hii niliyoishika chini ya maji ni ya nani?

Nilimvuta juu. Koti la njano, meno wazi, hana midomo. Akakohoa maji, na katika yale meno ikatoka sauti ninayoijua kuliko ya baba yangu. "Jakatito," ilisema, ikilitamka vibaya. "Uko wapi? Njoo, huyu mtu ananiua."

Niliachia mikono. Nilimwita, nikamwambia ni mimi, Mzee, ni mimi. Lakini yeye alikuwa anaona alichokuwa anaona. Sauti yangu ilimfikia imetoka kwenye uso ule ule. Aliokota chuma tena. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagota, maji yamefika kifuani, na Mzee Barasa, mtu asiyewahi kunipandishia sauti, alikuwa anakuja kunimalizia kwa mkono ulioning'inia kidole, na nyuma ya bega lake kulikuwa na mwingine wa njano aliyesimama kutazama.

Sauti ya mwanamke ikatoka juu yetu. Madirisha ya upande wa kulia sasa yalikuwa dari, na katika moja nilimwona yule mwenye leso, amelala kifudifudi juu ya injini, kichwa chake kimeingia ndani. Hakupiga kelele. Alizungumza kama mke anavyozungumza na mume aliyechelewa kurudi.

"Okelo," akasema. "Oromo. Dog dala."

Inatosha, alimwambia. Rudi nyumbani.

Rangi ya njano ilimtoka Mzee Barasa kama rangi inavyotoka kwenye kitambaa kibovu. Nilimwona yeye mwenyewe, shati limechanika, shingo imevimba, chuma mkononi. Naye akaniona. Sijui kama unaweza kufikiria macho ya mtu anapogundua amekuwa akimpiga nani. Chuma kilianguka majini. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akanibana kifuani, akalia kama mtoto. Tulitolewa kwa kamba na wanaume waliokuja na mitumbwi kutoka shuleni, yeye kwanza, kisha mimi, na taa ile ndogo ikazimika nyuma yetu.

Walituweka kwenye darasa, juu ya madawati yaliyounganishwa, tukingoja gari la kutupeleka Kisumu. Yule mwanamke alikaa kati yetu akinifunga jicho kwa kipande cha leso yake. Aliitwa Mama Awino. Ndiye aliyetueleza. Mume wake alitumwa kuingia kwenye maji yale siku chache kabla, kupima kama treni inaweza kupita. Alimwambia mkubwa wake kwamba maji yana nguvu, wangoje yapungue. Akaambiwa ajifunge kamba. Alijifunga, akaingia, na kalvati ikammeza, na kamba ikarudi peke yake. Walimtafuta mpaka jua likazama. Kesho yake maji yalishuka kidogo, reli ikaonekana, laini ikafunguliwa. Mama Awino alikwenda kuwaomba wangoje mume wake apatikane kwanza. Walimwambia treni haiwezi kumngoja mtu asiyeonekana. Na sisi tuliotoka Nakuru hatukuambiwa kitu.

Mzee Barasa alimuuliza kwa nini sisi, kama treni nyingine zilipita salama.

"Zingine hazikusimama," Mama Awino akasema. Kisha akanigeukia. "Wewe ulimpa mkono?"

Nilikitazama kiganja changu. Naye akaendelea kufunga jicho langu.

Maji yalipoondoka na winchi ikaja kuinua injini, walimkuta Okelo chini yake, kwenye tope la kalvati, ndani ya koti lake. Walimzika kwao huko Kano, kwenye boma lake, kama inavyopaswa. Mimi nilikwenda na bandeji yangu. Mama Awino alinipa udongo nimwekee, nikamwekea. Nilidhani yameisha. Nani asingedhani hivyo? Mtu amepatikana, amelala kwake, ameliliwa.

Uchunguzi wa wakubwa wa reli ulisema dereva alikwenda kasi. Mzee Barasa hakubishana, alirudi Port Victoria akapumzika. Mimi niliacha kazi. Nilipopata nafuu nikaenda kumtembelea, maana nilikuwa nimemkumbuka. Alinipokea mchana kwa furaha, mke wake akatupikia samaki na brown, ule ugali wa wimbi na muhogo anaojua naupenda, tukakaa nje tukitazama watu wakianika omena. Kidole chake kilipona kikiwa kimepinda. Alikigusa, akaomba nimsamehe jicho, nikamwomba anisamehe kidole, tukacheka mpaka machozi. Tulizungumza mpaka jua likaanza kuingia ziwani. Sikuwa hata nafikiria jambo lolote. Nikageuka kumwambia neno fulani kuhusu mjukuu wake, na kwenye kiti chake, karibu yangu kabisa, ameshika kikombe cha chai, alikuwa amekaa mtu wa koti la njano.

Niliinuka. Naye aliinuka, kikombe kikaanguka, na kwa jinsi alivyorudi nyuma nilijua anaona nini kwenye kiti changu. Alikuwa wa kwanza kufika kwenye panga. Mimi nilikuwa wa kwanza kufika kwenye jiwe. Mke wake ndiye aliyeingia kati, akanyoosha mikono, akilia na kutuita kwa majina yetu ya ubatizo, na alama ya panga lile iko kwenye mkono wake wa kulia hadi sasa. Nililala kwa jirani. Asubuhi na mapema niliondoka bila kuaga.

Tangu siku hiyo hatukuonana tena baada ya mchana. Tulipigiana simu, yeye ananiuliza unga, mimi namuuliza miguu. Jua likianza kulegea mmoja wetu alisema, haya, tuachie hapo. Kila mmoja alijua kwa nini. Mwaka jana moyo wake ulichoka. Mke wake alinipigia akasema Mzee anakuita, njoo haraka. Lakini gari liliharibika Busia, na nilipofika kwenye lango lao jua lilikuwa limeshazama. Nilisimama pale langoni. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilisikia akiniita, Jakatito, analitamka vibaya. Kwa mwanga wa taa niliona kitanda, na juu ya kitanda niliona rangi gani, huna haja ya kuniuliza. Sikuweza kuingia, kwa ajili yake na kwa ajili yangu. Alikufa kabla ya asubuhi, na mimi nilikuwa nimekaa nje chini ya ukuta wa chumba chake, nikimwimbia zile nyimbo zake kwa chini ili ajue nilikuja.

Sasa wewe unayenisikiliza. Labda wewe si mtu wa reli. Labda unaendesha lori, au una pikipiki, au wewe ndiye yule aliyekaa ofisini mahali pakavu na redio mkononi, unawaambia wengine wavuke. Maji yakifunika njia, simama. Usiniambie jana walipita. Usiniambie mzigo unangojwa Kisumu. Na ukimwona mtu ng'ambo, maji yamemfika magotini tu, anakuita kwa upole na kukuambia njia iko sawa, usimpe mkono. Mwache aite. Wewe keti chini ungoje maji yaondoke, uone kwanza amesimama juu ya nini.